Seli Iliyonyamaza na Seli Iliyokufa

Akina mama mlioko pale nyuma, nimewaona mmeshika mikoba yenye vikopo vya krimu, mnasubiri nimalize mniulize faragha.

Sitaanza na uso wa mtu. Naanza na ndizi mbichi. Ukikaa na mama wa Bukoba anayemenya ndizi za chakula cha mchana, utaona ana beseni la maji pembeni, na kila ndizi anayoimenya inatumbukia humo papo hapo. Akiziacha juu ya sinia, hajafika nusu ya kichane za mwanzo zimeshaanza kupiga weusi. Biringanya ndiyo tabia yake, viazi mviringo vilevile, parachichi usiseme. Huku kwetu pwani wapishi huongeza ndimu kwenye maji hayo. Hawakufundishwa kemia na mtu, lakini wanachokifanya ni kemia tupu. Kisu kinapopasua ndizi, kimeng'enya kilichokuwa kimefungiwa chumba chake kinakutana na vitu vilivyokuwa chumba kingine, hewa ya oksijeni inaingia, na mchanganyiko huo unageuka kuwa rangi ya kahawia. Maji yanaizuia hewa. Ndimu inakilegeza kimeng'enya kwa ukali wake, na vitamini C iliyomo inakirudisha nyuma kile kilichokwisha kuanza kugeuka.

Mwaka 1895 Wafaransa wawili, Bourquelot na Bertrand, walikuwa na uyoga mmoja wa porini, Russula nigricans, ambao ukiukata unakuwa mwekundu, kisha mweusi. Ndani yake walikikuta kimeng'enya kinachofanya kazi hiyo, chenye shaba kiini chake, na jina kilichopewa ni tirosinesi. Uyoga ule, ndizi ya Bukoba na ngozi ya kila aliyekaa humu ukumbini vinatumia ufundi wa ukoo mmoja.

Najua mtu ameshawaza: kama ndimu inaifanya ndizi ibaki nyeupe, kwa nini nisijipake usoni? Swali hili nimeulizwa tangu nikiwa mwanafunzi, na huulizwa kwa sauti ya chini. Kwenye ndizi, ndimu inagusa kimeng'enya kilichokwisha kuachwa wazi na kisu. Kwenye uso, kimeng'enya kimo ndani ya kifuko, kifuko kimo ndani ya seli, seli iko chini kabisa ya ngozi ya juu. Ndimu haifiki. Tena ganda la ndimu lina viini ambavyo vikipigwa na jua juu ya ngozi huichoma, na alama ya moto huo ni doa jeusi linaloweza kukaa miezi. Anayekamua ndimu, akatoka juani bila kunawa, anaweza kurudi jioni na michirizi mikononi asijue imetoka wapi. Alikwenda kutafuta weupe, akarudi na weusi wa madoa.

Basi tuiendee hiyo seli ilipo.

Seli inayotengeneza rangi inaitwa melanosaiti. Inakaa kwenye sakafu ya ngozi ya juu, ina mikono mingi kama pweza, na kwa mikono hiyo inahudumia seli za kawaida za ngozi zipatazo 36 zinazoizunguka. Ndani yake kuna vifuko vidogo. Humo tirosinesi inachukua tirosini, kitu cha kawaida kabisa kinachopatikana kwenye maharage na mayai tunayokula, inaigeuza hatua kwa hatua hadi inakuwa melanini. Kifuko kikishaiva kinasukumwa hadi ncha ya mkono na kukabidhiwa seli jirani. Huko vifuko hukusanyika upande wa juu wa kiini cha seli, mfano wa kofia, au niseme mwavuli, kwa sababu kazi yake hasa ni ya mwavuli: kukinga jua lisichome maandishi ya urithi yaliyo chini yake.

Hapa kuna jambo ambalo huwa nawaomba wanafunzi waliandike kwa herufi kubwa. Mtu mweusi ti na mtu mweupe pe wana idadi ya melanosaiti inayokaribiana sana. Mafundi ni walewale. Kinachotofautiana ni ukubwa wa vifuko, wingi wake, aina ya melanini iliyomo, na muda vinaokaa kabla ya kumeng'enywa. Kwa hiyo ngozi nyeusi haina seli za ziada za kuondolewa. Ina seli zilezile zinazofanya kazi kwa bidii.

Na bidii hiyo inaongezeka kwa amri. Mwaka 2007 watafiti wa Boston walionyesha kwamba jua likishaharibu maandishi ya urithi ya seli za kawaida, protini iitwayo p53, ambayo tulizoea kuisikia katika habari za saratani, inawasha utengenezaji wa homoni, na homoni hiyo inaigongea melanosaiti mlango: ongeza rangi, jirani zako wanaungua. Weusi unaoupata baada ya kushinda shambani ni jibu la jeraha. Anayeukata weusi huo bila kulikata jua amemnyang'anya mtu mwavuli mvua ikiwa bado inanyesha.

Hii ndiyo seli ambayo mimea inaombwa iinyamazishe.

Mimea ina uwezo huo kweli, msije mkadhani nimekuja kuukana. Miti mingi inatengeneza viini vyenye umbo linalofanana na tirosini, au vinavyopenda kushikamana na shaba. Kimeng'enya kinadanganyika, kinakishika kiini cha mti kikidhani ni tirosini, na kazi inasimama. Kwa nini mti uhangaike na jambo hilo, nao hauna haja na sura ya mtu? Maelezo yanayonishawishi ni wadudu. Mdudu anapojivua gamba anakuwa laini kama mkate uliolowa, na gamba jipya linakauka na kukaza kwa msaada wa vimeng'enya vya ukoo huohuo. Jani lenye kiini cha kuvizuia ni jani linalomharibia mdudu mavazi yake.

Mifano iko karibu. Urukususu, ule mzizi mtamu ambao wazee wa pwani huutafuna kwa kikohozi, una kiini kinachoitwa glabridini, na maabara za Japani zilionyesha katika miaka ya 1990 kwamba kinaizuia tirosinesi vizuri sana. Mforosadi una chake. Mti wa mfenesi, ule moyo wake wa manjano ambao mafundi seremala wanaujua, una viini kadhaa, na kimojawapo, atokapanoni, kimejaribiwa kwenye seli za rangi na kupunguza melanini. Shubiri ina aloesini. Na kwa ndugu zetu wa Mtwara na Lindi: mwaka 1994 Isao Kubo wa Berkeley na wenzake walitangaza kwamba tunda la mkorosho lina asidi za anakadiki zinazoizuia tirosinesi. Asidi hizohizo ndizo zimejaa kwenye mafuta ya ganda la korosho. Yeyote aliyewahi kubangua korosho kwa mkono bila majivu wala glavu anajua mafuta yale yanaifanya nini ngozi: yanaibabua. Mti mmoja, viini vya familia moja, na kwenye karatasi ya mtafiti vinasomeka kama tumaini la urembo. Wabanguaji wangecheka.

Sasa niwaingize maabara, maana huko ndiko neno "imethibitishwa kisayansi" lililoandikwa kwenye makopo linakotoka.

Unatwanga gome au jani, unaliloweka kwenye spiriti siku kadhaa, unachuja, unakausha. Kinachobaki ni ungaunga au utomvu, wenyewe tunauita mchujo. Seli tunazoutilia huo mchujo mara nyingi si za binadamu. Ni za panya, ukoo uitwao B16, uliotokana na saratani ya ngozi iliyojitokeza kwa panya mmoja huko Maine, Marekani, mwaka 1954. Panya yule amekufa zamani, seli zake zingali zinagawanyika hadi leo katika makabati ya joto ya dunia nzima. Ni seli zenye bidii ya ajabu ya kutengeneza melanini. Unazitilia homoni ili ziongeze kasi, unatia mchujo wako, unasubiri siku mbili au tatu. Kisha unazikusanya na kuzizungusha kwenye mashine mpaka zishuke chini ya kichupa kama punje. Punje ya seli zisizotiwa kitu ni nyeusi kama punje ya pilipili manga. Punje ya mchujo mzuri ni ya kijivu, au hata nyeupe. Unaiyeyusha kwa kostiki, ileile ya kutengenezea sabuni, unapima weusi wa maji yake kwa mwanga, unaandika namba.

Ile punje nyeupe ina uchawi. Mwanafunzi mmoja aliwahi kunijia mbio na kichupa chake, machozi ya furaha yanamlengalenga, baada ya miezi minane ya kupata punje nyeusi tu. Gome lilikuwa la mti wa kwao, bibi yake ndiye aliyemwonyesha. Nikamuuliza: umezihesabu? Hakuwa amezihesabu. Tukarudi, tukahesabu seli zilizo hai. Zaidi ya nusu zilikuwa zimekufa. Mchujo wake haukuzuia rangi. Uliwaua mafundi, na duka lililokufa mafundi halitoi nguo.

Sikumcheka, maana nami nilipita humohumo. Na kosa hili halitokani na uzembe tu. Kati ya seli iliyouawa waziwazi na seli iliyonyamaza salama kuna uwanja mpana wa seli zinazoumwa, ambazo bado ziko hai siku ya tatu unapozihesabu, na zingekufa siku ya thelathini. Majaribio ya sahani za maabara hayafiki siku ya thelathini. Mtu anayepaka krimu anafika mwezi, anafika mwaka, anapaka asubuhi na jioni.

Kuna kasoro nyingine inayonikera zaidi kwa sababu ni ya uvivu. Majaribio mengi hayafiki hata kwenye seli ya panya. Yanaishia kwenye kimeng'enya cha uyoga, kwa kuwa kinauzwa kwenye kichupa, ni rahisi, na jibu linapatikana kabla ya chai ya saa nne. Kimeng'enya cha uyoga si cha binadamu. Watafiti wa Ujerumani waliotangaza kazi yao mwaka 2018 walichukua tirosinesi ya binadamu na kuijaribu kwa viini 50,000. Walipozipima dawa ambazo sisi sote tumezitumia miaka yote kama kipimo cha kulinganishia, waliona asidi ya koji, inayotokana na ukungu wa kuchachulia vyakula vya Kijapani na kujulikana tangu 1907, ni dhaifu mno mbele ya kimeng'enya cha binadamu. Arbutini, kutoka majani ya kichaka cha nchi za baridi, ilikuwa dhaifu zaidi. Maktaba nzima ya makala yasemayo "mchujo wetu umeishinda asidi ya koji" inakaa juu ya mashindano yaliyochezwa kwenye uwanja wa uyoga.

Na hiyo arbutini, kwa kuwa makopo mengi yanaitaja kwa fahari ya "asilia": ni haidrokuinoni, kemikali ya kung'arisha ngozi, iliyovaa koti la sukari. Mmea umelitengeneza koti kwa sababu zake. Vijidudu vinavyoishi juu ya ngozi vinaweza kulivua.

Haidrokuinoni tutarudi kwake. Kabla ya hapo nataka tukae Japani kidogo, maana kama mtasahau yote niliyosema leo, hili lisisahaulike.

Kuna mti wa nchi za baridi wenye magome meupe yanayobanduka kama karatasi, betula. Katika magome yake kuna kiini kiitwacho rododendroli. Umbo lake linafanana sana na tirosini, kwa hiyo tirosinesi inakipenda. Kampuni ya Kanebo ilikifanyia kazi kwa miaka, ikakipa jina la Rhododenol, ikakijaribu kwenye sahani, ikakijaribu kwa watu, na mwaka 2008 serikali ya Japani ikakipitisha. Hili si duka la kichochoroni. Ni nchi yenye sheria kali za vipodozi kuliko nyingi duniani, kampuni yenye maabara, wanasayansi wenye shahada, na kiini chenye ukoo wa mti. Krimu zilipendwa. Wanawake walipaka usoni, shingoni, mikononi.

Kisha mabaka yakaanza. Hayakuwa ya weusi, yalikuwa meupe kabisa, weupe wa karatasi, wenye kingo za kukatika ovyo, kama mbalanga. Madaktari wa ngozi walipoyaunganisha na krimu, kampuni iliziondoa sokoni, Julai 2013, aina 54 kwa mpigo. Hesabu ya walioathirika ilipanda hadi ikapita watu 19,000.

Kilichotokea kilieleweka baadaye, na kwa mkemia ni hadithi ya kutisha kwa unadhifu wake. Rododendroli iliikamata tirosinesi kama ilivyokusudiwa. Lakini haikuishia kuiziba. Tirosinesi iliishughulikia kama inavyoishughulikia tirosini, ikaigeuza kuwa kwinoni, na kwinoni hizo ni sumu. Maana yake sumu ilipikwa ndani ya seli ya rangi peke yake, kwa mikono ya seli hiyohiyo. Seli za jirani, zisizo na tirosinesi, hazikupata kitu, ndiyo maana ngozi haikuwasha sana, haikuvimba sana, haikupiga kelele. Na mwenye seli zenye bidii zaidi ndiye aliyezipikia sumu nyingi zaidi.

Mkumbuke weusi wa ndizi. Kwinoni ndizo zinazoanza pale kisu kinapopita. Mti umeziweka hapo kama silaha.

Wengi wa wale wanawake walirudishiwa rangi kwa kiasi walipoacha krimu. Rangi hurudi kwa namna ambayo ukiiona mara moja huisahau: vidoti vya kahawia vinachomoza katikati ya baka jeupe, kila kidoti kimezunguka unywele mmoja. Chini ya shina la unywele kuna akiba ya seli changa za rangi, nazo hupanda taratibu kuja kukaa kwenye nyumba zilizoachwa wazi. Palipo na vinyweleo vichache, pana matumaini machache. Wapo ambao hawakurudi kama walivyokuwa.

Na hatari hiyo ilikuwa imeshasemwa. Mwaka 1939 madaktari watatu wa Marekani, Oliver, Schwartz na Warren, waliandika kuhusu wafanyakazi wa kiwanda cha kusindika ngozi za wanyama ambao mikono yao ilipauka hadi pale glavu za mpira zilipoishia. Ndani ya mpira kulikuwa na kemikali ya kuufanya usichakae, binamu wa haidrokuinoni. Hakuna aliyekuwa anatafuta urembo. Wale walikuwa wanafanya kazi, wamevaa kinga waliyopewa na mwajiri. Binamu huyo baadaye aliingia hospitalini kama dawa, kwa wagonjwa ambao mbalanga imekwisha kuenea mwili karibu wote na wameamua kumalizia sehemu iliyobaki. Daktari anapoitumia anajua anachofanya: anaua, tena anaua moja kwa moja. Mgonjwa anaambiwa hivyo kabla hajapewa.

Katika mwili wa binadamu, basi, tuna mifano miwili iliyokwisha kuandaliwa na maumbile. Mtu mwenye ualbino ana melanosaiti zake zote, mahali pake, na mikono yake. Zimenyamaza tu, kwa urithi. Mtu mwenye mbalanga hana, zimeuawa. Kwa mbali wote wanaonekana wamepoteza rangi. Chini ya hadubini, huyu ana ukumbi uliojaa watu walionyamaza, yule ana ukumbi mtupu. Anayetengeneza krimu ya kupunguza melanini anadai ataupata ukimya wa kadiri, katika sehemu anayotaka, kwa muda anaotaka. Inawezekana. Lakini mnaona njia ilivyo nyembamba.

Turudi mitaani. Mkorogo hauhitaji utangulizi mbele ya hadhira hii. Watani hata wameupa picha yake, uso Fanta, miguu Koka. Ninachotaka kukisema ni kwamba asili ya mkorogo si mimea, hata kopo likiwa na picha ya karoti, papai au mpapai mzima na mizizi yake. Asili yake ni vitu vitatu. Kuna zebaki, inayoingia mahali pa shaba katika tirosinesi. Mwaka 1972 madaktari wa Nairobi waliandika katika jarida la Waingereza kuhusu watu wazima waliokuwa wakivimba mwili kwa figo kuvujisha protini, na zaidi ya nusu ya wagonjwa hao walikuwa wametumia krimu za kung'arisha ngozi zenye zebaki. Nairobi, miaka hamsini na kitu iliyopita, hapa jirani. Mkataba wa Minamata umeipiga marufuku zebaki katika vipodozi, na bado wakaguzi wanaikuta.

Kuna haidrokuinoni yenyewe. Afrika Kusini ilikuwa ikiuzwa kwa wingi, na mwaka 1975 Findlay na wenzake walieleza ugonjwa waliokuwa wakiuona kwa wanawake waliopaka kwa miaka: ngozi ya mashavu na chini ya macho inageuka ya samawati-nyeusi, yenye vipele vigumu vidogo, na haitoki. Kile walichokimbia kilirudi kikiwa kimezama chini zaidi, mahali ambapo hakuna krimu inayofika. Mwaka 1990 nchi hiyo iliipiga marufuku kabisa katika vipodozi. Na kuna steroidi kali, ambazo zinaifanya ngozi kuwa nyembamba kama ganda la kitunguu hadi mshono wa upasuaji hauketi vizuri. Waulizeni wakunga.

Neno "mitishamba" kwenye kopo linafanya kazi ya pazia. Wanunuzi wameshaambiwa habari za zebaki, wakaogopa, na wauzaji wakasikia wanaogopa. Kopo likabadilika picha.

Msinielewe vibaya nikionekana naugombeza urembo. Mimi ni mtoto wa nyumba ya singo na liwa. Nimewaona shangazi zangu wakimsugua biharusi kwa singo mpaka anang'aa, nimenusa msandali ukisagwa juu ya jiwe, na ninajua kwamba Ngazija na kule Kisiwa cha Msumbiji wanawake hupaka nyuso zao rojo la mti wakatembea nalo mchana kutwa, zuri la kutazama. Ngozi iliyosuguliwa taka zake zikatoka, ikapakwa mafuta, inarudisha mwanga vizuri. Huo ndio ung'avu, na melanini haikuguswa. Biharusi alitoka ndani akiwa mweusi vilevile, anawaka. Lugha yetu ilijua kutofautisha kung'aa na kuwa mweupe kabla ya matangazo ya biashara kuyachanganya.

Wapo wenye haja ya kweli ya dawa. Mama mjamzito aliyepata mabaka ya kahawia mashavuni, yasiyoondoka hata mtoto ameanza kutembea. Kijana ambaye kila chunusi inamwachia doa la miezi sita. Kwa hawa, viini kama vya urukususu vina nafasi, ndogo lakini halali, chini ya jicho la daktari wa ngozi, na daktari huyo ataanza na kinga ya jua, tena kwa ngozi zetu ile yenye rangi ya udongo ndani yake, kwa kuwa hata mwanga wa kawaida unaoonekana huchochea mabaka hayo. Matokeo huja taratibu. Ngozi ya juu inajibadilisha kwa wiki nne hadi sita au zaidi, na melanini iliyokwisha kugawiwa haina budi kupanda na kubanduka yenyewe. Anayekuahidi siku saba hajaigusa melanosaiti. Amekuchuna.

Na nchi hii ina watu wanaoijua thamani ya melanini kuliko mimi. Yapata mtu mmoja katika kila 1,400 hapa Tanzania amezaliwa na ualbino. Pale Moshi, katika kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi, hutengenezwa krimu ya kinga ya jua iitwayo Kilisun kwa ajili yao, kwa sababu bila hiyo, saratani ya ngozi huwawahi wakiwa bado vijana. Ukitoka Moshi ukapita sokoni, utamkuta mwingine ananunua kopo la kumvua mwavuli aliozaliwa nao.

Nimalizie na kikopo. Mwaka jana shangazi yangu, mtu mzima mwenye heshima zake, alinikuta sebuleni kwake. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akanisogezea kikopo cheupe kisicho na jina.

"Mwanangu, hii ni ya miti mitupu. Nimeapiwa. Nakuomba uitazame tu, usinihubirie."

Sikumhubiria. Nilichota kijiko kimoja nikaenda nacho kazini, na nikamwomba asikifunike kikopo, akiweke dirishani penye hewa na jua. Krimu yenyewe ilikuwa nyeupe, laini, inanukia waridi.

Maabara ilichukua wiki moja na kitu. Nilipompigia simu kumwambia ni haidrokuinoni, tena nyingi, alininyamazia kidogo.

"Nilishajua," akasema. "Imekuwa ya kahawia juu, kama ndizi."